Fundo la Mashoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Gari dogo lililoshika moto kwenye injini nje ya nyumba ya mkunga mstaafu
Yameandikwa: Tarehe 15 mwezi wa kumi, kuanzia saa nane na dakika tano mchana
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Gerejini na mtaani huitwa Fundi Mashoto
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa magari, mwaka wa thelathini na moja sasa
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka gereji yake, nyuma ya stoo ya mbao

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala sikuletwa. Jana askari alinihoji pale pale kwenye gari nikasema maneno machache. Maneno yale yalikuwa ya kweli lakini yalikuwa mafupi kuliko ukweli, na leo nimekuja kuyarefusha. Naitwa Mashoto kwa sababu kazi zote nafanya kwa mkono wa kushoto. Naomba hilo liandikwe mapema kwa sababu linahusika.

Mkunga namfahamu kwa miaka ishirini na sita. Ndiye aliyewapokea watoto wangu wawili, na wa pili alitanguliza miguu, kwa hiyo nyumbani kwangu Mkunga hasemwi vibaya hata kwa mzaha. Ana gari dogo la zamani, la kabureta, analompelekea mjukuu wake shuleni kila asubuhi. Rangi yake ilikuwa bluu, siku hizi ni ya kukisia. Gari hilo nililihudumia miaka kumi na minne bila fundi mwingine kutia spana yake humo. Kila nikimaliza, Mkunga, ambaye namwita Mama, alikuwa akinipa chai kwenye kikombe cha bati chenye ua jekundu, na kikombe hicho hakupewa mtu mwingine, hata mkwewe.

Fundi aliyeko mahabusu hapa kituoni anaitwa Kompyuta. Alikuja kwangu akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, hajui kutofautisha spana kumi na spana kumi na mbili. Nilimfundisha miaka sita. Alipoondoka alifungua gereji yake upande wa pili wa barabara, mkabala na yangu, nikitoka kunawa mikono namwona. Amenunua kompyuta ya kupimia magari, ndiyo maana ya jina. Ameweka viti vyenye mito kwa ajili ya wateja. Ovaroli yake ni safi mpaka saa kumi jioni, na mimi sijui ni kazi gani hiyo ya ufundi isiyochafua mtu. Wateja wangu walianza kuvuka barabara mmoja mmoja. Walikuwa wananipungia mkono wakiwa wameshaketi kwenye mito.

Afande ameniuliza kama nilikuwa na ugomvi naye. Ugomvi hatukuwa nao. Nilikuwa namwonea wivu. Hayo ni mambo mawili tofauti, kwa sababu ugomvi unahitaji watu wawili na wivu mtu anaweza kuufanya peke yake.

Mnamo mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Jumatano, Mkunga alileta gari likiwa linanuka petroli. Nilikuta klipu inayobana mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta imekatika. Nilituma watu maduka mawili, klipu ya saizi ile haikupatikana. Mama alikuwa na haraka. Nikaufunga mpira kwa waya wa kufungia, mizunguko mitatu. Mafundi wote waya wao unazungukia kulia. Wangu unazungukia kushoto, na fundi yeyote wa hapa mjini akiuona anajua ni mkono wa nani.

Kufunga kwa waya si kosa, ila ni kazi ya siku mbili tatu. Injini ikitikisika kila siku, waya unakula mpira taratibu, na ukimaliza kuula mafuta yanadondokea kwenye bomba la moshi lenye moto. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina la mke wangu. Nilimwambia Mama, "Jumamosi nitapita nyumbani nikuangalizie." Sikumwambia zaidi ya hapo, sikutaka aendeshe kwa wasiwasi.

Jumamosi ile saa nne asubuhi nilikwenda kwake nikiwa na klipu mpya mfukoni. Geti lilikuwa wazi. Nilimkuta Kompyuta ameegemea gari, boneti imefunguliwa, na mkononi ameshika kikombe cha bati chenye ua jekundu. Mama alikuwa anamwongezea chai. Nilisikia akimwambia amefurahi amepata fundi wa kumfuata nyumbani, miguu inamsumbua siku hizi. Afande, gari lile ni la kabureta. Kompyuta yake angeichomeka wapi, kwenye sikio la Mama? Lakini mteja akishakupenda haangalii unachomeka wapi.

Nilisimama nje ya geti kama dakika mbili, nikageuka. Klipu nilirudi nayo. Njiani nilijisemea, mtoto akililia wembe mpe. Nikajisemea tena kwamba huyo msomi wao ataiona kazi ile mwenyewe, na asipoiona basi watu watajua ni fundi wa viti. Tangu siku hiyo sikupita tena barabara ya kwa Mkunga, na Kompyuta akinisalimia sikuitikia.

Hapa Afande ameweka kalamu chini na kuniuliza kama naelewa ninachokisema. Nimemwambia naelewa, aishike tena.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa mbili na dakika kama ishirini asubuhi, nilikuwa gerejini kwangu chini ya lori la mchanga nikishusha giaboksi. Mshonaji, ambaye ni jirani wa Mkunga, alikuja mbio na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alisema, "Fundi, gari la Mama linaungua." Nilitoka nikakimbia. Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua kama mia mbili. Kabla sijafika nilishajua ni mpira upi.

Nilipofika moto ulikuwa umeshazimwa. Mwenye duka la dawa alikuwa amesimama na mtungi wa kuzimia moto, anautazama kama mtu asiyeamini kwamba kumbe huwa unafanya kazi. Unga mweupe ulikuwa umetapakaa kwenye injini, kwenye kioo cha mbele na kwenye viatu vya watu. Mkunga alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha geti, mkono wa kulia ameuzamisha kwenye beseni la maji. Alikuwa ameona moshi alipokuwa anasimamisha gari, akafungua boneti, na moto ukamrukia kiganjani.

Aliniambia, "Usinigombeze. Najua ulinikataza kufungua boneti ikitoa moshi."

Nilimuuliza, "Mjukuu yuko wapi?"

Akasema, "Nimetoka kumshusha shuleni sasa hivi. Hata dakika kumi hazijapita."

Nilishika mlango wa gari. Watu walidhani nakagua.

Nilifanya kazi inayotakiwa baada ya moto. Nilichomoa waya wa hasi wa betri kwanza, nikafuata wa chanya. Nilisogeza watu, kwa sababu petroli bado ilikuwa chini. Mtu mmoja alishauri tuwashe gari tuone kama bado ni zima, nikamwambia akawashe la kwake. Nilimwaga mchanga palipolowa. Ndipo nikainama kwenye injini. Vilivyoungua ni mpira wa mafuta, nyaya mbili za plagi, mfuniko wa kichujio cha hewa, na rangi ya boneti kwa ukubwa wa sahani. Injini yenyewe haikuguswa. Mpira ulikuwa umeliwa hadi ukakatika, na waya wangu ulikuwa bado umekaa kwenye shingo ya kabureta, umekuwa mweusi lakini mzima. Mizunguko mitatu, inazungukia kushoto.

Nilichukua koleo, nikaukata, nikautia mfukoni.

Nilipoinua kichwa Kompyuta alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti. Sijui alikuwa amefika lini. Tulitazamana. Alisema, "Shikamoo, Mzee." Sikuitikia.

Saa tatu na nusu alifika mtoto wa kwanza wa Mkunga. Ni mtu wa ofisini, hupenda kujua nani alaumiwe kabla hajajua kilichotokea. Aliuliza nani alilihudumia gari mara ya mwisho, na umati mzima ukamwonyesha Kompyuta kwa macho. Yeye ndiye aliyepiga simu polisi. Askari wawili walifika saa nne na robo. Mmoja wao aliniambia, "Wewe ni mkongwe wa kazi hii. Unaonaje?"

Nilijibu, "Mpira wa mafuta umekatika. Aliyeligusa gari mwisho ndiye wa kuulizwa."

Hayo ndiyo yale maneno mafupi. Kompyuta hakubisha. Alisema, "Ni kweli, mimi ndiye niliyelihudumia mwisho," akapanda gari la polisi bila kushikwa mkono. Alikuwa amevaa ovaroli safi, na kwenye goti moja ilikuwa na unga mweupe.

Naomba iandikwe kwamba nilifurahi. Afande amesema furaha si ushahidi, lakini mimi nataka iwemo. Gari la polisi lilipokata kona nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa alasiri nililishughulikia gari la Mama. Unga wa mtungi ule ukiachwa unakula chuma, kwa hiyo niliupuliza, nikaupiga brashi, nikafuta kila kona kwa kitambaa chenye unyevu. Niliweka mpira mpya na klipu mpya. Klipu ya mwezi wa pili ilikuwa bado ipo kwenye droo yangu. Ilinichukua dakika nne kuifunga.

Mama alileta chai kwenye kikombe kile. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, akamimina kwa kushoto na kumwaga kidogo kwenye sinia. Akasema, "Leo na mimi ni mashoto." Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha akasema, "Usimchukie yule. Tangu aanze kuja hapa hajawahi kukutaja kwa ubaya. Kila anachokifanya anasema, Mzee alinifundisha hivi." Nikamuuliza kama kiganja kinauma. Akasema kinauma, lakini kazi za kiganja hicho zilishakwisha, watoto wa mji huu wameshazaliwa wote. Chai sikuimaliza. Nilimwambia ni ya moto.

Saa kumi jioni magari mawili yalitoka kwa Kompyuta yakavuka barabara kuja kwangu. Mwenye mojawapo alisema, "Ng'ombe wa maskini amerudi zizini," wenzake wakacheka. Niliyapokea yote mawili.

Leo tarehe 15, saa tatu asubuhi, nilimwambia mke wangu naenda kununua grisi, nikaja hapa kituoni. Sikuja kumsaidia mtu. Nilitaka kumwona Kompyuta akiwa ndani. Askari wa kaunta alinipa dakika tano na akasimama kando akipiga miayo.

Kompyuta alikuja kwenye nondo bila viatu. Alisema, "Shikamoo, Mzee."

Nikasema, "Marahaba." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi minane, na ilitoka kwa shida kama nati yenye kutu.

Nilimuuliza wamemuuliza nini. Alisema wamemuuliza mpira ulikuwa umefungwa na nini, naye amejibu hakumbuki. Nilimuuliza kwa nini amejibu hivyo.

Alisema kwa sauti ya chini, "Nikisema waya, wataniuliza wa nani. Mashoto hapa mjini tunaye mmoja."

Nikamwambia, "Kwa hiyo uliuona."

Akasema, "Niliuona mwezi wa nne, nilipobadilisha oili. Nilishika koleo niukate niweke klipu. Halafu nikasema hapana. Mzee hafungi waya ovyo, akifunga ana sababu yake. Kazi ya mwalimu wangu nitaikataje bila kumuuliza?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakuja kuniuliza, ilhali ni kuvuka barabara tu.

Alitazama miguu yake, akasema, "Nilikuja, Mzee. Mara mbili nilikuja hadi kwenye benchi lako. Nilikusalimia, ukageukia ukutani. Nikaona nikikuuliza habari ya waya utadhani nimekuja kukukosoa mbele ya watu."

Hilo nalikumbuka. Mara ya pili nilikuwa sina kazi yoyote ukutani, nikajifanya natafuta bisibisi.

Kisha aliniuliza Mama anaendeleaje na mkono. Aliniuliza kama nimepuliza unga kwenye kabureta kabla haujashika. Nikamwambia nimepuliza. Akasema, "Afadhali." Askari akasema muda umekwisha. Nilipokuwa naondoka aliniambia kesho anapelekwa mahakamani kwa uzembe, na akipatikana na hatia hataruhusiwa kufungua gereji tena, lakini nisijali, yeye ana mikono bado, atapata hata kazi ya kuosha magari. Waya niliouweka mfukoni hakuutaja, na nilijua aliuona unaingia.

Nilirudi nyumbani bila grisi. Saa sita na nusu mke wangu aliweka chakula mezani nikakitazama tu. Akasema, "Mteja wako amerudi, kikombe chako umerudishiwa, yule mtu yuko ndani. Mbona uso wako kama umefiwa?" Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa. Hakunipigia kelele. Alifunika sahani kwa kawa na kusema chakula hakitapoa sana kwenda na kurudi. Nilimwambia huenda nisirudi leo. Akasema basi atakipasha moto nitakaporudi.

Waya nimemkabidhi Afande kwenye bahasha kabla hatujaanza kuandika. Naomba Kompyuta atoke leo, asisubiri kesho. Kosa lake ni moja, aliniamini. Kosa langu ni kwamba nilijua gari la mtu aliyewapokea watoto wangu linatembea na kazi ya siku tatu kwa miezi minane, kila asubuhi likiwa na mjukuu ndani, na nikakaa kimya nisubiri jina la mwenzangu lichafuke.

Afande ameniuliza ni nini hasa kimenileta, kama ni huruma au ni kuogopa kugunduliwa. Nimefikiri kabla ya kujibu. Kugundulika nisingegundulika, kwa sababu aliyeniona amekataa kusema. Huruma ninayo, lakini nayo ningeweza kukaa nayo nyumbani kama nilivyokaa na mengine. Kilichonileta ni kile kile kilichonigeuza pale getini. Yule mtu amechukua wateja wangu, nikavumilia. Akachukua kikombe changu, nikaumwa lakini nikavumilia. Sasa amekaa kwenye sakafu ya saruji bila viatu ananifichia aibu yangu, na kesho atasimama mbele ya hakimu aniumbie jina zuri ambalo silo langu. Hata kwa wema amenizidi. Hilo, Afande, nimeshindwa kumwachia. Nimekuja kabla hajafika mahakamani ili angalau hili moja nimtangulie.

Hayo ndiyo yaliyo yangu kuyasema. Yaliyo ya wengine waulizwe wenyewe. Nimesomewa yote na hakuna nililoongezewa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa kwa mkono wa kushoto)

Maelezo ya afisa aliyeandika: Maelezo haya nimeyaandika kama yalivyosemwa na kumsomea shahidi kwa sauti, yakakamilika saa kumi kasoro dakika kumi. Alirekebisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika "ajali", akaomba nifute niandike "moto". Nimepokea kielelezo kimoja, waya wa kufungia ulioungua. Kwa kuwa aliyoyasema yanamgusa yeye mwenyewe, nimemjulisha kwamba kuanzia sasa atahojiwa kama mtuhumiwa, na kwamba anayo haki ya kukaa kimya. Amejibu kwamba haki hiyo ameitumia miezi minane na inamtosha.